Mi ni Watu Wote

Kila mwanakwaya wa usharika wetu anazijua zile herufi saba ambazo mwalimu huziandika ubaoni kabla ya mazoezi: d, r, m, f, s, l, t. Wengi wetu hatukusoma muziki shuleni. Solfa tulijifunzia kanisani, kwa kusikia na kurudia, mpaka wimbo mpya wa sauti nne ukawa unasomeka kama barua kutoka nyumbani. Jioni moja alikuja kutusikiliza kijana wa kujitolea kutoka Japani, aliyekuwa akifundisha hisabati katika shule ya sekondari ya jirani. Hakuwa Mkristo, na alitueleza hivyo kwa adabu tulipomkaribisha. Lakini alipoziona zile herufi ubaoni uso wake ulichangamka, akaanza kuimba kwa Kijapani.

Tuni tuliijua sote. Ni ile ya Do-Re-Mi, kutoka filamu ya The Sound of Music. Maneno ndiyo hatukuyajua, basi bibi mmoja wa sauti ya pili akamwomba atueleze. Kijana akasema: do ni donati, re ni limau. Alipofika kwenye mi, bibi akamkatiza.

"Mi si mimi, mjukuu wangu?"

"Hapana, bibi. Mi ni watu wote."

Wengine walicheka. Bibi hakucheka. Alirudia polepole, "Watu wote," kama mtu anayeonja chakula asichokizoea. Tumelitafakari jibu hilo tangu jioni ile, na katika insha hii tunataka kulipima. Kwa nini wimbo uliotungwa kwa ajili ya jukwaa la New York umedumu Japani zaidi ya miaka 60, ukiimbwa na watoto ambao huujua kabla hawajajua kwamba ulitoka ng'ambo? Na kudumu kwake kunatufundisha nini sisi, ambao kitabu chetu cha nyimbo nacho kimejaa tuni zilizotoka ng'ambo?

Tuanze na wimbo wenyewe. Muziki ni wa Richard Rodgers na maneno ni ya Oscar Hammerstein. Mchezo wao ulianza kuonyeshwa Broadway Novemba 1959, na filamu yake, ambamo Julie Andrews anaimba, ilitoka mwaka 1965. Umejengwa juu ya maisha ya Maria, msichana aliyetoka monasteri ya Nonnberg mjini Salzburg, Austria, akaenda kulea watoto katika nyumba ya Kapteni von Trapp aliyefiwa na mkewe. Katika mchezo, baba huyo huwaita watoto wake kwa filimbi kama mabaharia, na muziki umeondoka nyumbani pamoja na mama. Watoto hawajui wimbo hata mmoja. Maria anaanza nao mwanzo kabisa, kwa kuwapa majina ya sauti.

Hammerstein aliyapa majina hayo picha kwa kufuata yanavyosikika katika Kiingereza. Do inasikika kama jina la paa jike, re kama mwale wa jua, mi kama mimi, fa kama mbali, so kama kushona kwa sindano, ti kama chai. Kwenye la hakupata kitu. Alisema tu kwamba ni nota inayokuja baada ya so, akapita. Hapo mtunzi mkubwa alikwama mbele ya watu wote, na akakwama kwa ucheshi. Huo ni ufundi mzuri, lakini tazama jinsi unavyoitegemea lugha moja. Ukiwaambia watoto wa Dodoma au wa Osaka kwamba do ni paa jike, hawataona uhusiano wowote. Mchezo wote wa maneno umefungwa ndani ya masikio ya Kiingereza.

Mwaka 1960 mwimbaji wa Kijapani, Peggy Hayama, alikuwa Marekani na akauona mchezo huo Broadway. Aliupenda wimbo huu, akauandikia maneno ya Kijapani. Mwaka 1962 ulisikika katika kipindi cha NHK, shirika la utangazaji la taifa, kiitwacho Minna no Uta, maana yake Nyimbo za Watu Wote. Kipindi hicho kilikuwa kimeanza mwaka 1961 ili kuwapa watoto na familia nyimbo za kuimba nyumbani. Kwa hiyo filamu ilipofika Japani mwaka 1965, wimbo ulikuwa umeitangulia kwa miaka mitatu. Baadaye ukaingia katika vitabu vya muziki vya shule. Mwaka 1991 ukafungua katuni ya televisheni ya sehemu 40 iliyosimulia habari za familia ya Trapp. Mwaka 2010 kundi kubwa la michezo ya jukwaani la Shiki liliuleta mchezo mzima kwa Kijapani, na waliokuja kuutazama walikuja na wimbo wao tayari mdomoni.

Hayama aliandika nini? Kwa kipimo cha mtafsiri mkali, hakutafsiri kabisa. Paa hayupo, sindano haipo, chai haipo. Mahali pake kuna donati, limau, watu wote, neno la kutiana moyo, anga la bluu, tarumbeta, na mwishoni heri. Kilichobaki cha Hammerstein ni tuni, ngazi yenyewe ya kupanda kutoka sauti moja hadi nyingine, na ule mchezo wa kukipa kila kidato kitu cha kushika mkononi. Msomaji anaweza kusema kwamba huo ni wizi wa heshima. Sisi tunasema kwamba alielewa wimbo ulikuwa unafanya kazi gani, akaifanya kazi ileile kwa watoto waliokuwa mbele yake.

Tena alifanya jambo moja ambalo huenda hakulikusudia, na ambalo sisi watu wa kanisa tunapaswa kuliona haraka. Majina haya ya sauti hayakuzaliwa Broadway. Yalizaliwa katika ibada. Mwanzoni mwa karne ya 11, mtawa aitwaye Guido wa Arezzo, huko Italia, alichoka kuona vijana wa kwaya wakitumia miaka mingi kukariri nyimbo moja moja. Alichukua utenzi wa Kilatini wa sikukuu ya Yohana Mbatizaji, ambao kila mstari wake ulianza sauti moja juu ya ule uliotangulia, akakata silabi ya kwanza ya kila mstari. Hapo tukapata ut, re, mi, fa, sol, la. Ut baadaye ikawa do. Sauti ya saba, si, ilitokana na herufi za mwanzo za jina la Mtakatifu Yohane kwa Kilatini.

Utenzi huo unaomba nini? Unaomba midomo ya watumishi isafishwe na kulegezwa, ili waweze kuyaimba matendo makuu. Msomaji wa Luka sura ya 1 atakumbuka mara moja: Zakaria, baba yake Yohana, alikuwa bubu mpaka mtoto alipopewa jina, ndipo kinywa chake kikafunguka naye akamsifu Mungu. Kwa hiyo kila mara kwaya inaposema do, re, mi, inatamka vipande vya ombi la watu waliotaka vinywa vyao vifunguliwe.

Sasa linganisha. Hammerstein alichukua jina zima la sauti, akatafuta neno la Kiingereza linalofanana nalo. Hayama alichukua silabi, akatafuta neno la Kijapani linaloanza nayo. Yaani alirudi kwenye njia ya Guido: silabi ya kwanza ndiyo mlango, na neno zima linaingia nyuma yake. Njia hii inaweza kutumika katika lugha yoyote duniani. Pengine hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya wimbo kudumu: uliacha kuwa fumbo la lugha ya wengine.

Sababu ya pili iko katika historia ya Japani yenyewe. Miaka ya 1870, serikali mpya ya Meiji ilimpeleka Isawa Shuji kusoma ualimu Massachusetts, Marekani. Alifaulu masomo mengine, lakini kuimba ngazi ya sauti saba kulimshinda. Muziki aliokulia uligawa sauti kwa namna nyingine. Mkuu wa chuo, kwa huruma, alimwambia angemsamehe somo hilo. Isawa mwenyewe alisimulia kwamba alilia siku tatu. Hakutaka kusamehewa, alitaka kujua. Alimwendea mwalimu wa muziki Luther Whiting Mason wa Boston, akajifunza, na mwaka 1880 Mason akaitwa Japani kusaidia kuanzisha masomo ya kuimba katika shule za msingi. Kwa miongo mingi nyimbo nyingi za shule za Kijapani ziliruka sauti ya nne na ya saba, yaani fa na si, kwa sababu zilikuwa ngumu masikioni. Walimu walikuwa hata na jina la ngazi hiyo, maana yake "bila ya nne na ya saba."

Weka picha mbili pamoja: mtu mzima anayelia chuoni kwa sababu ya fa na si, na mtoto wa Japani wa mwaka 1962 anayezipanda sauti zote saba akicheka, kwa sababu fa ni kelele ya kutiana moyo na si ni heri. Kazi ya vizazi viwili vya walimu iko kati ya picha hizo. Wimbo haukuletwa na redio na televisheni peke yake. Ulipandwa katika udongo uliolimwa kwa machozi.

Hapa tunakiri kwamba kuna mambo madogo hatukuyapenda. Neno la fa ni neno la Kiingereza la kupigana lililogeuzwa kuwa kelele ya kushangilia uwanjani, nalo linasikika kama limetafutwa kwa haraka. Kwenye so, neno la anga ndilo lenye silabi inayotakiwa, lakini limetanguliwa na rangi yake ya bluu, basi mlango wa silabi umechelewa kidogo kufunguka. Kwenye la, Hayama alimshinda Hammerstein katika ubeti wa kwanza kwa kuleta tarumbeta, lakini ubeti wa pili hata yeye aliishia la-la-la. Inaonekana sauti ya sita ina kiburi chake.

Wapo watakaoona pia kwamba donati na limau si vitu vya asili ya Kijapani, hata majina yake yameazimwa. Hatuoni hilo kuwa kosa. Lugha hai hula inachopewa. Sisi wenyewe tunakwenda kanisani, tunaimba katika kwaya, tunawapeleka watoto shule, na maneno hayo matatu yametoka Uarabuni, Uingereza na Ujerumani. Hakuna anayeyasikia kama wageni. Na Wajapani, ambao wana sauti moja kati ya r na l, hawakuona tabu kuiweka limau kwenye re. Wale kati yetu ambao r na l zetu hugombana wakati wa kusoma somo la Jumapili watawaelewa vizuri.

Tena donati ile ina uzito kuliko inavyoonekana. Hayama alizaliwa mwaka 1933. Vita ilipokwisha mwaka 1945 alikuwa na miaka 11. Alieleza baadaye kwamba donati iliingia katika wimbo kutokana na kumbukumbu za utoto wa wakati wa vita, alipokuwa akitamani donati za mama yake. Kwa hiyo sauti ya kwanza ya ngazi, ile ambayo nyingine zote husimama juu yake, ni njaa ya mtoto na mkono wa mama. Watoto wanaoimba leo hawajui hivyo, wala hawahitaji kujua. Lakini tunaamini maneno yaliyolipiwa huimbwa tofauti na maneno yaliyookotwa.

Sasa turudi kwenye mi. Katika Kiingereza, mi ni jina ninalojiita mimi. Katika Kiswahili cha mazungumzo ingekuwa hivyohivyo: mi nimechoka, mi siendi. Bibi yetu hakukosea. Lakini Hayama alipofika kidato cha tatu alikuta neno minna, watu wote, neno lilelile lililokuwa katika jina la kipindi cha NHK. Mtoto anayejifunza ngazi kwa Kiingereza anajitaja mwenyewe kabla hajafika katikati. Mtoto wa Kijapani anawataja wenzake.

Tusiharakishe kusifu. Mtu anaweza kuuliza: je, si watu wale wale waliokuwa wamefundishwa kuimba pamoja nyimbo za jeshi shuleni mpaka mwaka 1945? Neno "wote" linaweza kuwa shoka. Linaweza kumnyamazisha anayesitasita na kumsukuma mnyonge mahali asipotaka kwenda. Sisi tuliowahi kuona kikao cha usharika ambapo "sote tumekubali" ilimaanisha watu wawili tu, tunalijua shoka hilo. Lakini sikiliza wimbo mpaka mwisho. Katika ubeti wa pili watoto wanaambiwa hata wapange mstari, ila mstari huo hauendi vitani. Wanautazamia anga, wanafurahi, na mwisho wa ngazi wanaalikwa waimbe. Aliyeandika alikuwa mtoto wa vita. Aliuchukua mstari na neno "wote," akaviondolea adui. Kwa maoni yetu hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote katika wimbo huu, na ndilo lililoufanya ufae kuwa wa taifa zima.

Lakini wimbo huu si wa dini, na hatutaki kuubatiza kwa nguvu. Hayama alisoma Aoyama Gakuin, shule ya Tokyo yenye mizizi ya Kimethodisti, lakini hatudai kwamba donati ni fumbo la mkate wa uzima. Wakristo nchini Japani ni kama asilimia 1 ya watu wote. Sauti za Guido zimefika kila darasa la nchi ile. Jina la yule ambaye utenzi wa Guido ulimtangulia halikufika hivyo. Tuna mfano ulio karibu zaidi nasi. Tuni tunayoimba sisi kwa maneno ya Yesu Kwetu ni Rafiki iliingia shule za Japani mwaka 1910 ikiwa na maneno mengine, yanayosifu nyota za usiku. Ni wimbo mzuri, na watu wengi waliupenda. Rafiki hayumo. Tuni peke yake haihubiri. Tuni ni chombo, nacho hubeba kilichowekwa ndani.

Na hapo ndipo penye hatari kwetu tunaopenda kusema "tuimbe kwa lugha ya watu." Mwaka 1549 Fransisko Xavier alitua Kagoshima kuihubiri Injili. Akisaidiwa na Mjapani aliyeitwa Anjiro, alimtaja Mungu kwa neno Dainichi, ambalo masikioni mwa wasikilizaji lilikuwa jina la Buddha mmoja. Watawa wa Kibuddha walimpokea vizuri, kwa kuwa walidhani anahubiri habari zao. Alipogundua kosa aliliacha jina hilo, akaanza kutumia neno la Kilatini, Deus. Wapinzani wakaligeuza neno hilo geni kwa mzaha likasikika kama "uongo mkubwa" kwa Kijapani. Alipolikaribia sikio mno, ujumbe ulimezwa. Alipokaa mbali nalo, ujumbe ulichekwa. Hakuna mtafsiri wa mambo ya Mungu aliyewahi kupita njia hii bila kuumia mguu.

Kwa hiyo Hayama alikuwa na uhuru ambao Xavier hakuwa nao. Paa jike anaweza kuwa donati na hakuna anayepotea. Jina la Mungu haliwezi kubadilishwa hivyo. Swali letu sisi ni hili: katika kitabu chetu cha nyimbo, kipi ni donati na kipi ni Jina?

Tunaliuliza kwa sababu tunaona kwamba mara nyingi tumelinda visivyohitaji ulinzi. Neno la Kiswahili hubeba mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tuni nyingi tulizopewa kutoka Ulaya na Marekani humalizia mstari kwa pigo zito. Matokeo yake kila Jumapili tunalazimisha mkazo uangukie silabi ya mwisho, tukaimba BwaNA na mwokoZI, jinsi ambavyo hakuna mama anayeongea na mtoto wake. Upendo kwa Kiingereza ni silabi moja. Kwetu ni tatu, nazo zinabanwa kwenye nota moja kama abiria wa daladala. Kijapani kina shida kama yetu, kwa kuwa silabi zake karibu zote huishia na irabu na hudai nafasi. Hayama aliipangia kila silabi kiti chake, ndiyo maana mtoto wa miaka minne anauimba bila kujikwaa.

Hatuwalaumu waliotutangulia. Wamisionari, pamoja na wasaidizi wao Waafrika ambao majina yao mengi hayakuandikwa, walitupa mkate wakati wa njaa. Na mfumo wenyewe wa solfa tunaotumia ulisambazwa kwa moyo huohuo. John Curwen, mchungaji wa Uingereza wa karne ya 19, aliuchukua kutoka kwa mwalimu Sarah Glover wa Norwich, akaueneza ili watoto wa shule ya Jumapili na watu wa kipato kidogo waweze kusoma muziki. Si ikawa ti, ili herufi yake isigongane na ya so. Nao walibadilisha kilichokuwa kinabadilika, ili walioachwa nje waingie. Kuwaheshimu ni kuendelea kufanya walivyofanya.

Lakini mpaka upo. Bibi yetu alituambia jioni ile kwamba ameimba "theluji" kwa miaka 40 na hajawahi kuigusa. Kijana mmoja akapendekeza ibadilishwe, iwe pamba. Tulibishana kwa muda. Mwishoni tulikumbuka kwamba theluji si ya mtunzi wa Kizungu. Ni ya Isaya na ya mwimba zaburi, nao waliishi katika nchi ambako theluji haikuwa kitu cha kila siku. Basi ibaki, na mwalimu aieleze. Lakini mkazo wa BwaNA si wa Isaya. Huo unaweza kurekebishwa, na tuni inaweza kulegezwa kidogo bila mtu kupoteza imani yake. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba ataimba kwa roho na kwa akili pia. Mara nyingi sisi tumetosheka na nusu moja.

Jumapili iliyofuata tuliwapa watoto wa shule ya Jumapili kazi: watafute maneno yao wenyewe ya Kiswahili kwa kila sauti. Do ilipatikana mara moja: dodo, kwa kuwa ulikuwa msimu wa maembe. Re ikawa redio. Fa, familia. Kwenye la walikwama, kama wakubwa wao. Kwenye mi kulikuwa na ugomvi. Wengine walitaka mimi. Wengine, waliokwisha kusikia habari za yule kijana, walisema ni ubinafsi, mi lazima iwe watu wote, hata kama hakuna neno la hivyo linaloanza na mi. Binti mmoja mdogo aliyekuwa kimya akasema kwamba "sote" inaanza na so.

Mwalimu wa kwaya alikaa kimya kidogo. Kisha akawagawa watoto makundi matatu, akawapa wa kwanza do, wa pili mi, wa tatu so, akawaambia waimbe kwa pamoja. Wanakwaya wanajua sauti hizo tatu hufanya nini zikikutana. Mi peke yake haitoshi, na so peke yake ni tupu. Hayama kwa Kijapani alilazimika kuchagua, akachagua watu wote, na alichagua vizuri. Lugha yetu imetupa nafasi ya kuwa na vyote viwili katika ngazi moja: mimi, na sote, na chini yao kitu kitamu kutoka mkono wa mama. Paulo angesema kiungo na mwili.

Tunawaomba basi viongozi wa kwaya na walimu wa shule ya Jumapili wafanye jambo dogo mwaka huu. Chukueni wimbo mmoja tu kutoka kitabu chetu, ule mnaoupenda kuliko yote. Usomeni kwa sauti bila kuuimba. Mahali ambapo mtoto anauliza "maana yake nini?", simameni. Amueni kama hapo ni Jina, au ni donati. Kama ni Jina, mfundisheni mtoto kwa subira. Kama ni donati, mtafutieni embe.